Ndugu Anaposimamia Mirathi

Soma kwa ajili ya somo hili: Luka 12:13–21, Mwanzo 13:1–12, Hesabu 27:1–11, 36:1–12, 2 Wafalme 12:4–15, Mathayo 18:15–17, 1 Wakorintho 6:1–8, 2 Wakorintho 8:18–21.

Yesu alipokuwa akiufundisha umati mkubwa, mtu mmoja alimkatiza. Hakuuliza juu ya ufalme wa Mungu wala juu ya uzima wa milele. Alikuwa na ndugu, na ndugu huyo alikuwa ameushika urithi. Alitaka Yesu amwamuru ndugu yake amgawie. Luka ameandika kisa hiki kwa mistari michache tu, lakini kila familia iliyowahi kumzika mzazi inakielewa.

Yesu alikataa kuwa mwamuzi na mgawanyaji wao, kisha akawaonya wote waliokuwapo wajilinde na kila aina ya choyo. Wapo wanaolichukua jibu hilo kuwa na maana kwamba Mkristo hapaswi kuuliza habari za urithi, na kwamba anayeuliza ameingiwa na tamaa. Lakini fungu lisomwe tena kwa utulivu. Yesu hakusema kwamba mtu yule hakuwa na haki. Hakusema pia kwamba ndugu yake alifanya vema kuikalia mali. Torati ilikuwa na taratibu za urithi (Kumbukumbu 21:15–17, Hesabu 27:8–11), na Israeli ilikuwa na wazee na waamuzi wa kuzitumia. Kazi ile ilikuwa na wenyewe. Yesu alishughulika na kile ambacho mwamuzi hawezi kukigawanya, yaani moyo. Tena onyo lake halikumwendea mwombaji peke yake. Liliwahusu aliyenyimwa na aliyeshika.

Kwa hiyo swali linabaki, na ni swali zito kwa kanisa: Je, ndugu anaweza kumwomba ndugu yake hesabu ya mali ya mzazi wao bila kuuvunja upendo? Na hesabu hiyo isipotolewa, je, upendo unamtaka anyamaze?

Nyumba ya Kihonda

Ichukuliwe familia moja ya mfano katika kata ya Kihonda, Manispaa ya Morogoro. Baba, mtumishi mstaafu, amefariki. Ameacha nyumba yenye vyumba vinne vya kupangisha uani, kiwanja kimoja ambacho hakijajengwa, na fedha kidogo benki. Yupo pia mama mjane, binti aliyemuuguza baba hadi mwisho, na kitinda mimba ambaye bado yuko sekondari. Kule milimani Uluguru lipo shamba la migomba ambalo baba alilima kwa miaka mingi. Baada ya msiba, kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka mkubwa awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, naye akateuliwa.

Miaka miwili imepita. Wapangaji wanalipa kodi, nayo inapokelewa na kaka. Ada ya kitinda mimba wakati mwingine inalipwa, wakati mwingine hailipwi. Mama hajui kiasi kilichopo. Binti alipouliza, kaka alijibu kwa uchungu: “Kwa hiyo mmeniona mimi mwizi?” Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza tena. Wote ni washiriki wa kanisa moja. Siku ya Meza ya Bwana, wakati wa kutawadhana miguu, binti hutafuta mwenzi mwingine upesi ili asikutane na wifi yake.

Majirani wanawasifu kwamba ni familia yenye amani kwa kuwa hakuna kelele. Je, hiyo ni amani? Nabii Yeremia aliwakemea waliolitibu jeraha la watu juu juu na kutangaza amani mahali ambapo haikuwapo (Yeremia 6:14). Ukimya wa familia hii ni wa namna hiyo. Jeraha limefunikwa, nalo linaoza.

Msimamizi ni wakili

Kosa la kwanza katika migogoro mingi ni la jina. Msimamizi wa mirathi huitwa, au hujiona, “mrithi mkuu.” Sivyo. Anaweza kuwa mmoja wa warithi, lakini usimamizi wenyewe haumwongezei hata tofali moja. Kazi yake ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa gharama za mazishi na madeni, kisha kukigawa kinachobaki kwa wanaostahili. Akimaliza, kazi imekwisha. Biblia humwita mtu wa namna hiyo wakili, na jambo la kwanza linalotakiwa kwa wakili ni uaminifu (1 Wakorintho 4:2). Katika Luka 16:1–2 bwana anamtaka wakili wake alete hesabu. Hakuna wakili asiyetoa hesabu.

Sheria ya Tanzania inasema jambo hilohilo kwa tarehe na fomu. Kwa mirathi iliyofunguliwa Mahakama ya Mwanzo, kanuni za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi apeleke mahakamani, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Na. V. Baada ya hapo anatakiwa kupeleka hesabu za usimamizi kwa Fomu Na. VI kwa vipindi ambavyo mahakama itaamua. Kwa mirathi inayoendeshwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha hupelekwa ndani ya miezi 6 na hesabu ndani ya mwaka 1. Mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu. Kaka wa mfano wetu hajapeleka fomu hata moja. Huenda si mwizi kabisa. Huenda hakuwahi kuelezwa kwamba barua ile ya uteuzi ilikuja pamoja na wajibu. Lakini kutojua kwake hakumwondolei mama haki ya kujua.

Orodha ina faida nyingine: inalazimisha familia kutenganisha mali. Si kila alichokishika marehemu kilikuwa chake. Nyumba ya Kihonda ilijengwa na mume na mke pamoja, kwa hiyo lazima ijulikane kwanza kipi ni cha mjane kabla ya kutaja urithi wa watoto. Na lile shamba la migomba? Mama huyu ni Mluguru. Kwa Waluguru mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo kule milimani imekuwa ikipitia upande wa mama. Baba alilima pale akiwa mkwe. Msimamizi akiliandika shamba hilo kuwa mali ya marehemu, anagawa kitu cha ukoo wa watu wengine, na wajomba watakuja juu. Torati ilikataza kuondoa alama ya mpaka wa jirani (Kumbukumbu 19:14). Mpaka huweza kuondolewa kwa kalamu pia, pasipo mtu kung’oa bikoni.

Kuomba hesabu si kukosa imani

Mwenye kupinga anaweza kufungua 2 Wafalme 12:15. Pale imeandikwa kwamba wasimamizi wa kazi ya kutengeneza nyumba ya Bwana hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Je, fungu hilo halifundishi kwamba ndugu waaminifu hawadaiani hesabu?

Sura yote isomwe tangu mstari wa 4. Mwanzoni fedha zilikuwa mikononi mwa makuhani, nao walikuwa watu wa Mungu. Lakini hadi mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi nyumba ilikuwa haijatengenezwa (mstari wa 6). Haikuandikwa kwamba waliiba. Imeandikwa tu kwamba kazi haikufanyika. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu katika kifuniko chake, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walizihesabu pamoja (mstari wa 10). Baada ya utaratibu huo ndipo tunasoma kwamba wasimamizi wa kazi waliaminiwa. Imani ya mstari wa 15 ilisimama juu ya sanduku la mstari wa 9.

Mtume Paulo alifanya vivyo hivyo. Alipokuwa akipeleka mchango kwa watakatifu wa Yerusalemu hakusafiri nao peke yake. Alikubali kufuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa, ili mtu asipate la kumlaumu, akijali yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:18–21). Kama mtume hakuona aibu kuhesabiwa, kwa nini kaka aone kwamba kuombwa daftari ni kutukanwa? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari humlinda mama, na humlinda kaka pia. Siku mtu atakaposema “alikula kodi,” daftari lenye tarehe, kilichoingia, kilichotoka na risiti litamjibia.

Haki yangu na haki ya mwenzangu

Hapa ndipo kiini cha somo. Paulo aliwauliza Wakorintho kwa nini wasikubali afadhali kudhulumiwa kuliko kupelekana mbele ya wasioamini (1 Wakorintho 6:7). Binti wa mfano wetu amelisoma fungu hilo mara nyingi, na kwa sababu yake amenyamaza. Je, amelielewa sawasawa?

Abramu ni mfano mzuri wa mtu aliyeachia haki yake. Wachungaji wake walipogombana na wa Lutu, yeye aliyekuwa mkubwa alimwacha mdogo achague kwanza (Mwanzo 13:8–9). Lakini yapo mambo mawili ya kuona. La kwanza, Abramu aliachia nafasi iliyokuwa yake mwenyewe. La pili, aliiachia hadharani, nchi yote ikiwa mbele yao. Alijua anachokitoa. Mtu asiyejua kilichopo hatoi chochote. Anapotewa tu, kisha anajifariji kwamba ametoa.

Basi binti akitaka kumwachia kaka sehemu yake, yuko huru, na huenda ni tendo la neema kubwa. Lakini hana ruhusa ya kumwachia kaka sehemu ya mama, wala ada ya kitinda mimba. Haki ya mjane na ya mtoto aliyefiwa na baba si ya binti hata aisamehe. Isaya aliwaagiza watu wa Mungu wamtetee yatima na mjane (Isaya 1:17). Anayenyamaza ili asionekane mgomvi, huku mdogo wake akirudishwa shule kwa ada, amekuwa mkarimu kwa mali ya mwingine. Fungu la Paulo linamwambia mtu namna ya kuibeba hasara yake. Halimpi ruhusa ya kuwabebesha wanyonge hasara.

Binti za Selofehadi walilijua hilo. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa walisimama mlangoni pa hema, mbele ya Musa, Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakadai urithi wa baba yao asiyekuwa na mwana. Hawakuitwa waasi. Bwana alisema kwamba wamenena haki (Hesabu 27:7). Baadaye wakuu wa ukoo wao walileta hofu yao kwamba ardhi ingehama kabila kwa njia ya ndoa, nao pia walisikilizwa (Hesabu 36:5). Haki ya binti na wasiwasi wa ukoo vyote vilipewa nafasi, mbele ya watu, na uamuzi ukatolewa wazi. Katika Tanzania, mwaka 1990, Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza iliamua shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, lililotoka Kagera. Mwanamke aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake alikuwa ameiuza, na mpwa wake akapinga kwa kutumia mila ya ukoo. Jaji Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi hiyo sawa na mwanamume. Suala la binti na ardhi ya baba halikuishia jangwani.

Njia ya kupita

Mathayo 18:15–17 inatoa hatua, na mpangilio wake ni wa rehema. Hatua ya kwanza ni wawili peke yao. Si kwenye kundi la simu la familia, wala si kwa wifi, wala si kwa mzee wa kanisa kwanza. Binti anaweza kwenda na kusema: “Shikamoo kaka. Tunajua umebeba mzigo wa sisi sote. Nauli za mahakamani, cheti cha kifo, madeni ya hospitali, yote ulihangaika wewe. Tunaomba tukae siku moja pamoja na mama, utuoneshe kilichoingia na kilichotoka. Na kama kuna fedha yako iliyotumika, irudishwe kwanza.” Maneno hayo yana heshima, nayo ni ya haki. Mara nyingi msimamizi ametumia fedha zake mwenyewe, na hakuna aliyemshukuru. Wapo warithi wanaodai mgawo kabla madeni ya marehemu hayajalipwa. Nao wamdhulumu ndugu yao.

Hatua ya pili ni mashahidi wawili au watatu. Wachaguliwe watu ambao pande zote zinawaamini: mjomba, shangazi, mzee wa kanisa ambaye hana upande, na ikiwezekana mtu anayejua hesabu. Paulo naye aliuliza kama hakuna hata mmoja mwenye hekima kati ya ndugu (1 Wakorintho 6:5). Kundi dogo kama hilo linaweza kumaliza jambo kwa alasiri moja, na lililokubaliwa liandikwe na kutiwa saini.

Hatua ya tatu ni kanisa. Kanisa linaweza kukemea, kushauri, kuomba na kupatanisha. Lakini baraza la kanisa halikumteua msimamizi wala haliwezi kumwondoa. Mamlaka yake yametoka mahakamani. Kwa hiyo, hatua zote zikishindikana, warithi wanaweza kuiomba mahakama ileile imwite msimamizi alete orodha na hesabu. Ikionekana kuna sababu ya kutosha, mahakama ina uwezo wa kumwondoa na kuteua mwingine. Je, huko ni kumshtaki ndugu? Kanuni ya Kanisa inawasihi washiriki wapatane ndani ya kanisa na wasikimbilie mahakama. Pamoja na hayo inakubali kwamba yapo mambo yaliyo chini ya mamlaka ya mahakama za kiraia, na kati ya mifano yake inataja baadhi ya mambo ya usimamizi wa mirathi. Kumrudisha wakili kwa aliyemtuma ili atoe hesabu ni tofauti na kumburuza ndugu ili aaibishwe. Tofauti hiyo hukaa moyoni, na kila mmoja aichunguze mbele za Mungu kabla hajapanda ngazi za mahakama.

Na hesabu ikionesha kasoro? Tuseme kaka alitumia kodi ya miezi sita kumlipia mwanawe ada. Sasa kuna jambo la kusamehe, kwa sababu sasa linajulikana. Zakayo alirudisha alichokuwa amenyang’anya, wala hakuona kwamba kurudisha kunapingana na neema iliyoingia nyumbani mwake (Luka 19:8–9). Kaka anaweza kukatwa katika sehemu yake, au ndugu wakamwachia kwa hiari. Mama pia aulizwe, maana ni fedha yake. Vyovyote itakavyokuwa, watakuwa wamesamehe kitu chenye jina na kiasi, na msamaha wa namna hiyo hudumu.

Baada ya kumjibu mtu yule mwenye ugomvi wa urithi, Yesu alisimulia habari za tajiri aliyekusudia kujenga ghala kubwa zaidi, akaambiwa kwamba usiku uleule roho yake itatakwa. Swali linalomkabili tajiri huyo ni la mirathi: vitu alivyojiwekea vitakuwa vya nani? (Luka 12:20). Kila anayegombea urithi leo atakuwa marehemu kesho, na watoto wake watakaa katika kikao kama hicho. Ellen White aliwashauri waumini wapange mambo ya mali zao wakiwa hai na wenye akili timamu. Wosia ulioandikwa, mali iliyotajwa kwa majina, na mke na watoto wanaojua kilichopo ni urithi ambao mzazi anaweza kuuacha hata kama ana chumba kimoja tu. Na msimamizi anayefungua daftari mbele ya ndugu zake kabla hajaombwa amewapa kitu ambacho baba yao hakuweza kukiandika katika wosia.

Maswali ya kujadili

1. Katika Luka 12:13–15, Yesu alikataa kufanya nini, na hakukataa nini? Kwa nini onyo lake liliwahusu wote waliokuwapo?

2. Linganisha 2 Wafalme 12:6, 9, 10 na 15. Familia inaweza kuwa na “sanduku” la namna gani kabla ya kuzungumza habari za kuaminiana?

3. Ni wakati gani kunyamaza ni uvumilivu wa Kikristo, na ni wakati gani ni kumwacha mjane au yatima? Toeni mifano bila kutaja majina ya watu.

4. Kama yupo darasani mtu anayesimamia mirathi, ndugu zake wangeweza kumsaidia vipi kuubeba mzigo huo?

5. Je, watu wa nyumbani mwako wanajua una mali gani na una madeni gani? Unaweza kuanza kuandika nini juma hili?